Mwaka Mmoja wa Swar al-Dahab

Barani Afrika tumemzoea mwanajeshi anayeahidi kukaa Ikulu kwa miezi michache, kisha akazeekea humo. Wiki hii twapenda kumkumbuka aliyetimiza ahadi yake, Jenerali Abdul-Rahman Swar al-Dahab wa Sudan. Jina la ukoo wake, kwa Kiarabu, maana yake ni bangili ya dhahabu.

Mwishoni mwa Machi 1985 watu wa Khartoum waliingia barabarani. Mkate ulikuwa umepanda bei, njaa imetanda Darfur na Kordofan, na vita vya kusini vilikuwa vimewaka upya tangu 1983. Madaktari na mawakili wakagoma. Rais Jaafar Nimeiri alikuwa safarini Marekani, na jeshi alikuwa amemwachia Swar al-Dahab. Aprili 6 jeshi likamwondoa Nimeiri.

Haukuwa uamuzi mwepesi kwa mtu aliyekula kiapo cha utii. Mwaka 1971, Nimeiri alipopinduliwa kwa siku chache, Swar al-Dahab alikuwa El Obeid na alikataa kuwakabidhi wapinduzi kikosi chake. Basi hakuwa mtu wa kupenda mapinduzi. Safari hii, hata hivyo, mbele yake walisimama raia, na kuendelea kumtii Rais kungekuwa kuwamiminia risasi.

Aliahidi mwaka mmoja. Baraza la Kijeshi lilikuwa na wajumbe 15, na kando yake iliundwa serikali ya raia chini ya Dakta al-Jazuli Dafallah. Aprili 1986 uchaguzi ukafanyika, Sadiq al-Mahdi akawa Waziri Mkuu, naye jenerali akaondoka. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na ushei, umri ambao wenzake wengi ndipo huanza kuonja utamu wa kiti.

Hatumpambi. Vita hakuvimaliza, John Garang hakulitambua baraza lake, na majimbo mengi ya kusini hayakupiga kura. Sheria za Septemba 1983, zilizozidisha mfarakano huo, aliziacha kama alivyozikuta. Wapo wasemao kwamba mwaka ule ulikuwa mfupi mno. Sisi twaona kwamba kila mtawala asiyetaka kutoka husema maneno hayo hayo. Watoto wetu twawafundisha amana kwa chenji ya dukani na kitabu cha kuazima. Huyu aliirudisha nchi nzima.

Baadaye aliongoza Munadhamat al-Daawa al-Islamiya, jumuiya iliyokuwa na makao yake Khartoum, iliyojenga shule na kuchimba visima katika nchi nyingi za Afrika. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Mfalme Faisal kwa kuutumikia Uislamu.

Serikali aliyoikabidhi ilipinduliwa Juni 30, 1989 na Omar al-Bashir. Swar al-Dahab alifariki Riyadh Oktoba 18, 2018, akazikwa Madina. Siku hiyo Bashir alikuwa angali Ikulu.