Tunanunua kibodi kwa rangi, hatuulizi kilicho chini ya kitufe

Kila muhula unapoanza, shule nyingi za sekondari katika Arua na Koboko hununua kibodi za kompyuta, na muhula ukiisha kibodi nyingine zinarundikwa nyuma ya stoo. Wazazi wanachanga, mwalimu mkuu anatia saini, mfanyabiashara anapata faida yake, na mwezi wa tatu herufi ya E inakataa. Tumeizoea hali hii kiasi kwamba tunaiona kama mvua na jua, jambo lisilo na mwenyewe. Kwa maoni yangu jambo hili lina mwenyewe, na mwenyewe ni sisi: walimu tunaoagiza, na ninyi ndugu zangu wafanyabiashara mnaovusha mizigo Vurra, Oraba na Ariwara.

Ndugu msomaji, naomba kwanza tufungue kibodi. Geuza ile ya bei ya chini inayouzwa sokoni, toa skrubu, inua mfuniko. Utakuta mpira laini wenye vibonge, na chini yake karatasi mbili za plastiki zilizochorwa njia za umeme kwa rangi inayopitisha umeme. Kati yake kuna karatasi ya tatu yenye matundu. Ukibonyeza kitufe, kibonge cha mpira kinasukuma karatasi ya juu iguse ya chini kupitia tundu, na kompyuta inajua umeandika herufi gani. Hakuna zaidi. Chai ikimwagika, jasho likipenya au unyevu wa masika ukiingia, ule mchoro unaliwa na kutu na safu nzima ya herufi inakufa kwa pamoja. Fundi hawezi kulehemu plastiki, kwa hiyo anakuambia ununue nyingine, na hakudanganyi.

Lakini kibodi hazikuzaliwa hivyo. Mwaka 1936 mhandisi Walter Ellwood, wa maabara za kampuni ya simu ya Bell huko Marekani, alibuni swichi ndogo ambayo hataza yake ilitolewa mwaka 1941. Ni vijibati viwili vyembamba vya mchanganyiko wa nikeli na chuma, ndani ya kichupa cha kioo kilichozibwa pande zote na kujazwa gesi isiyoleta kutu, kwa kawaida nitrojeni. Ncha za vijibati zinapishana bila kugusana. Ukileta sumaku karibu, ncha hizo nazo zinakuwa sumaku, zinavutana, zinagusana na umeme unapita. Ukiondoa sumaku zinaachana zenyewe, kwa kuwa kijibati kina mnyumbuko kama unyasi. Ndiyo maana kwa Kiingereza inaitwa swichi ya ridi, yaani ya tete.

Swichi hiyo ilifanya kazi kubwa kwenye simu. Mwaka 1965 mji mdogo wa Succasunna, katika jimbo la New Jersey, ulifunguliwa kituo cha simu cha kampuni ya Bell kilichoendeshwa kwa programu ya kompyuta, na ndani yake mazungumzo ya watu yaliunganishwa na vijibati vya aina hiyo. Haukupita muda watengenezaji wa kompyuta wakaiingiza kwenye kibodi. Katika kibodi hizo za mwishoni mwa miaka ya 1960 na ya miaka ya 1970, kila kitufe kilikuwa na kichupa chake na kipande chake cha sumaku. Ukibonyeza, sumaku inashuka kando ya kichupa. Kidole hakigusi umeme, wala vumbi haligusi mahali umeme unapokutana. Kichupa kimoja kikifa, fundi anakitoa na kuweka kingine, na herufi nyingine zote zinaendelea na kazi.

Nimesoma hayo nikajiuliza: mashine hizo zilikaa wapi? Zilikaa katika vyumba vya Ulaya na Marekani vyenye hewa baridi na sakafu iliyosuguliwa. Sisi wa barabara za vumbi, ambako lori moja likipita wakati wa kiangazi darasa zima linageuka rangi ya matofali, tumepewa kibodi ambayo umeme wake unakutana kati ya karatasi.

Sitaki nieleweke vibaya. Simwombi mtu aniletee mashine za miaka ya 1970, maana tumeshaletewa vikuukuu vya kutosha. Swichi ya ridi nayo ina makosa yake. Kioo huvunjika. Vijibati vinapogongana hutetemeka kwa muda mfupi mno, na kompyuta isipofundishwa kusubiri, herufi moja inaweza kuandikwa mara mbili. Umeme ukizidi, vijibati vinaungana na haviachani tena. Kubwa kuliko yote ni bei: kichupa na sumaku kwa kila kitufe ni gharama. Mwaka 1968 kampuni ya Honeywell ilileta kibodi yenye kihisi kinachotambua sumaku bila vijibati kugusana kabisa, kwa kutumia jambo lililogunduliwa na Edwin Hall mwaka 1879. Hiyo nayo ilikuwa imara, nayo ilikuwa ghali. Kompyuta zilipoanza kuuzwa kwa watu wa kawaida katika miaka ya 1980, bei ndiyo iliyoamua, na karatasi za plastiki zikashinda.

Jambo la kuchekesha ni kwamba sumaku imerudi. Katika miaka hii ya 2020 vijana wa Ulaya na Asia wanaocheza michezo ya kompyuta wananunua kibodi za sumaku kwa bei ambayo hapa kwetu inatosha kununua mbuzi. Kitu kinachoweza kuvumilia vumbi kinapelekwa kwa mwenye zulia, na mwenye vumbi anauziwa kisichovumilia.

Kuna watakaosema, mwalimu, hii ni kibodi tu. Nawajibu kwa mambo mawili.

La kwanza ni mtihani. Tangu mwaka 2012 wanafunzi wa S.5 na S.6 katika Uganda waliwekewa sharti la kuchukua Sub-Math au Sub-ICT, na Sub-ICT ina karatasi ya vitendo inayofanywa kwenye kompyuta. Mtoto wa Kampala na mtoto wa Koboko wanapewa maswali yale yale na saa zile zile. Msahihishaji haoni kwamba kitufe cha nafasi kilikuwa kinabonyezwa mara tatu ndipo kikubali. Anaona kazi isiyokamilika, anakata alama. Tulilalamika miaka mingi kuhusu umeme, na tulikuwa na haki. Tulisubiri Nyagak hadi mwaka 2012, tukasubiri gridi ya taifa hadi mwaka 2024. Sasa umeme umefika mpaka kwenye meza, halafu unakwama chini ya kidole cha mtoto.

La pili ni kumbukumbu, na hapa nazungumza kama mkazi wa Kuluva. Hospitali yetu inajulikana na madaktari wa dunia kwa sababu ya daftari. Dk. Ted Williams alikuwa mmoja wa watu watatu, pamoja na Denis Burkitt, waliosafiri mwaka 1961 kwa gari kuukuu karibu maili 10,000 wakifuatilia ile saratani ya taya za watoto inayoitwa leo kwa jina la Burkitt. Aliandika mgonjwa ametoka kijiji gani na ameugua lini, na mwaka 1967 yeye na wenzake walichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza uchunguzi juu ya ugonjwa huo katika wilaya ya West Nile. Dunia iliamini kwa sababu maandishi yalikuwa sahihi. Leo kumbukumbu za zahanati, za forodha na za kambi za wakimbizi zinapita kwenye kibodi. Tarakimu moja ikirukwa, au 5 ikawa 55, hakuna mwandiko wa mtu wa kumrudia. Iwe kipimo cha dawa, iwe idadi ya magunia yako pale Vurra, kosa limeshaingia.

Mimi nilisomea ng'ambo. Wazazi wangu walivuka wakati West Nile ilipowaka moto mwaka 1980, nami nikajifunza kusoma kwa Kifaransa upande wa Zaire, ambako herufi za mashine za kuandikia zinaanza na A, Z, E, R, T, Y. Tuliporudi nilikuta Q imekaa mahali pa A, na W mahali pa Z. Wengi wenu mnalijua hilo, kwani hadi leo kibodi za aina zote mbili zinakutana sokoni Ariwara, na mteja wa Arua hurudisha ile ya Kifaransa akidhani ni mbovu. Haina ubovu wowote. Nalitaja jambo hili kwa sababu ukimbizini tulijifunza somo moja ambalo shule zetu zimelisahau: kitu kikiharibika hapakuwa na duka la kukimbilia, ilibidi kifunguliwe. Redio zilifunguliwa, taa zilifunguliwa, baiskeli zilifunguliwa. Waliorudi na ufundi huo ndio walioinua vibanda vya kwanza vya matengenezo vijijini kwetu.

Basi nina mapendekezo, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

Kwanza kwa wafanyabiashara. Kabla ya kubeba katoni, fungua kibodi moja. Ukikuta karatasi za plastiki, jua unauza kitu cha muda na useme hivyo kwa mteja. Ulizia zile ambazo kila kitufe kina swichi yake peke yake, inayoweza kung'olewa na kubadilishwa, na ulete na swichi za akiba. Zitauzwa polepole mwanzoni, lakini shule iliyochoka kununua kila muhula ni mteja atakayerudi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Pili kwa shule. Kabla ya kununua, piga hesabu ya miaka mitatu, siyo ya muhula mmoja. Funika kibodi kwa kitambaa jioni, igeuze na kuikung'uta kila Ijumaa, na chai isiingie chumba cha kompyuta, hata ya mwalimu mkuu.

Tatu kwa walimu wenzangu wa sayansi. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 unataka mwanafunzi afanye kwa mikono. Rundo lililo nyuma ya stoo ndilo maabara. Na swichi ya ridi yenyewe haiko mbali, maana inapatikana katika ving'ora vingi vya mlangoni na katika mita za mwendo za baadhi ya baiskeli. Itoe kwa uangalifu bila kukunja miguu yake karibu na kioo, iunganishe na betri na taa ndogo ya tochi, kisha sogeza sumaku iliyotoka kwenye spika ya redio iliyokufa. Taa itawaka bila mkono kugusa waya. Mtoto akiona hivyo mara moja, sura nzima ya sumaku ameielewa, na siku nyingine mlango wa duka la baba yake ukilia ovyo atajua pa kuanzia.

Nne kwa wazazi. Mnapoitwa kwenye mkutano na kuombwa mchango wa kompyuta, ulizeni swali moja zaidi ya bei: ikiharibika, nani ataitengeneza, na kwa kipuri gani? Kama hakuna jibu, msichange mpaka jibu lipatikane. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi wa mpakani tumeshajenga kuta za kutosha.