Babu wa Fad'jal ni shahidi wa ardhi

Filamu kongwe ikikarabatiwa, watazamaji huanza kwa kusifu rangi zilivyorudi, kisha huguna kwa majonzi kwamba hayo ndiyo maisha tuliyoyapoteza. Fad'jal ya mwongozaji Safi Faye, iliyotoka mwaka 1979 na kuonyeshwa upya kwenye tamasha la Cannes mwaka 2018 baada ya ukarabati uliofanyika Ufaransa, ni rahisi sana kutazamwa hivyo, maana imejaa mavuno, ngoma, uzazi na matanga ya kijiji cha Waserer nchini Senegal. Kuitazama hivyo ni kuipunja. Ndani ya mambo hayo ya ukoo mna kesi ya ardhi, na babu anayesimulia ndiye shahidi wake mkuu.

Tazama ilivyopangwa. Mwanzoni watoto wako darasani, wanakariri kwa Kifaransa sifa za mfalme Louis XIV. Baadaye wanakaa chini ya mti, na mzee anawasimulia kwa lugha yao kwamba kijiji kilianzishwa na mwanamke, na nani waliofuata. Ungedhani ni hadithi ya kupoteza jioni, mpaka inapotajwa sheria ya mwaka 1964 iliyoweka sehemu kubwa ya ardhi ya Senegal mikononi mwa dola. Hapo nasaba inageuka hati: anayeweza kutaja waliofyeka pori ndiye anayeweza kusema shamba ni la nani. Tumezoea mno kuinukuu kauli ya mwandishi Hampâté Bâ kwamba mzee akifa ni maktaba iliyoungua, tukasahau kuwa maktaba huwa na faili za mashamba pia.

Wapo watakaojibu kwamba sheria ile ilikusudia kumkinga mkulima dhidi ya wenye ardhi waliomtoza, na kwamba mila nazo huwabana wageni na vijana. Hoja ya haki kabisa. Lakini nia njema ya sheria haifuti swali la mwanakijiji: mbona anayeamua juu ya shamba langu hajui hata jina la aliyelifyeka? Wengine watasema Faye, aliyesomea ethnolojia Paris na kuigiza katika filamu ya mwongozaji Mfaransa Jean Rouch, alikuwa akiwaonyesha Wazungu kijiji. Basi waitazame filamu yake Kaddu Beykat ya mwaka 1975, ambamo wakulima wenyewe wanaulaumu mfumo wa karanga za kuuza nje unaowaacha na madeni. Elimu aliichukua Paris. Maswali yalikuwa ya shambani.

Faye alifariki mwaka 2023. Ningependa nakala hii mpya itoke kwenye matamasha iende vyuoni wanakosomea maafisa ardhi, Senegal kwanza, wamsikilize mzee akitaja majina ya waliotangulia, bila karatasi hata moja mkononi.