Daftari linalojazwa kwenye benchi

Kila muuguzi wa kliniki ya kisukari amewahi kulishika daftari hili. Mistari imepigwa kwa rula, safu moja ya asubuhi, nyingine ya usiku. Tarehe zote za mwezi zimejaa, wino ni mmoja, mwandiko hautetereki, na namba za sukari zinapendeza: 6, 7, 6.5, 7. Limejazwa leo asubuhi, kwenye benchi, mgonjwa akingoja kuitwa. Muuguzi anajua, na mgonjwa anajua kwamba muuguzi anajua. Hata hivyo dozi ya insulini ya mwezi ujao itapangwa kwa namba hizohizo.

Kumgombeza mgonjwa ni kumwonea. Anayejichoma insulini hushauriwa kupima walau mara nne kwa siku, na kila kipimo kinakula stripu moja, kwa hiyo boksi la stripu 50 halifikishi wiki mbili. Likiisha, mtu wa Chunya, Mbeya, au Pawaga, Iringa, hawezi kila mara kupanda basi kwenda mjini kufuata jingine. Anapima anapojisikia vibaya, basi, na siku ya kliniki anajaza daftari.

Kifaa cha kulistaafisha daftari hilo kipo. Kampuni ya Abbott ilianza kuuza FreeStyle Libre barani Ulaya mwaka 2014: kidude cha ukubwa wa sarafu kinachobandikwa nyuma ya mkono, juu ya kiwiko, kikiwa na uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi. Kinapima sukari usiku na mchana kwa siku 14 na kuonyesha matokeo kwenye simu au kwenye kisomeo chake. Jina lake la Kiswahili bado halijatulia. Kuna wanaosema "sensa", neno ambalo Tanzania lina kazi yake ya kuhesabu watu kila baada ya miaka kumi. Kihisi linafaa zaidi.

Pamoja na namba, kihisi huonyesha mshale wa kule sukari inakoelekea, na mshale huo ndio wenye thamani. Mama mwenye mtoto wa kisukari aina ya kwanza huamka saa nane usiku kumpapasa shingo. Kwa baridi ya Uyole mwezi Juni, jasho kwenye shingo ya mtoto aliyelala mara nyingi ni dalili moja: sukari imeshuka, na haraka inatafutwa soda au maji ya sukari. Angepima saa nne usiku, kabla ya kulala, huenda mashine ya stripu ingemwonyesha 6 naye akalala kwa amani. Mshale ungemwambia kwamba hiyo ni 6 inayoporomoka.

Kihisi kinafundisha pia mambo ya mezani. Nyanda za Juu Kusini ni ghala la chakula la nchi, na ushauri wa "punguza wanga" hauendi mbali kwenye nyumba ya mahindi, viazi na mchele wa Kyela. Ulanzi wa Iringa ndio kabisa: ukiwa mbichi ni mtamu na hupandisha sukari, ukichacha una pombe, na pombe inaweza kumshushia sukari anayetumia insulini akiwa usingizini. Mchoro wa wiki mbili wa mwili wake mwenyewe utamfundisha mnywaji kuliko mihadhara kumi.

Uingereza mambo haya yamekwisha kuwa ya kawaida. Mwaka 2018 Theresa May, akiwa waziri mkuu, alipigwa picha kwenye dhifa amevaa gauni lisilo na mikono, kihisi chake kikionekana wazi. Mwaka 2022 taasisi ya huko inayotoa miongozo ya tiba ilielekeza kila mtu mzima mwenye aina ya kwanza apewe uchaguzi wa kupima kwa namna hii. Anayejinunulia mwenyewe huko hulipa karibu pauni 50 kwa kihisi kimoja. Kwa mwaka vinahitajika 26, yaani pauni 1,300, zaidi ya shilingi milioni nne.

Hapo ndipo mjadala hufungwa kwa neno "anasa". Hoja hiyo ina uzito: kituo kinachoishiwa insulini na stripu hakina sababu ya kuanza na vihisi, na hata mwenye kihisi hahitaji kuzitupa stripu, kwa sababu kinapima majimaji ya chini ya ngozi na huchelewa kidogo kuifuata damu. Lakini Mbeya na Iringa zimewahi kuambiwa "ni ghali mno kwenu". Mwaka 2000 dawa za kufubaza VVU ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa kwa mwaka. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza dola 350. Utafiti wa kitaifa wa 2016/17 ulikuta maambukizi ya asilimia 11.3 kwa watu wazima wa Iringa na 9.3 kwa wa Mbeya, na leo watu hao wanachukua dawa kwenye kliniki za VVU (CTC) bila malipo, kwa kadi na kwa miadi. Kuishi na ugonjwa usioisha, kwa kufuatiliwa mwezi hadi mwezi, ni kazi ambayo mikoa hii inaijua vizuri.

Ng'ambo ya mto Songwe, nchini Malawi, kihisi kimeshajaribiwa kwa wagonjwa wa aina ya kwanza katika hospitali za wilaya ya Neno, kijijini hasa, na ikaonekana inawezekana.

Si lazima kuanza na vihisi 26. Wagonjwa wengi wa kisukari wako kwenye vidonge na wanaweza kusubiri. Waanze watoto wa aina ya kwanza na wajawazito wanaotumia insulini. Mtoto abandikwe kihisi kimoja wiki mbili kabla ya kliniki, mara mbili kwa mwaka, na kisomeo kibaki mali ya hospitali. Kwa bei ileile ya Uingereza, hiyo ni kama laki tatu na ushee kwa mtoto kwa mwaka. Bohari ya Dawa ina maghala ya kanda Mbeya na Iringa, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) ina ofisi ya kanda Mbeya, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023. Kinachotakiwa ni kihisi kuandikwa kwenye kitita cha mafao kwa makundi hayo mawili.

Shule za bweni, ambazo mikoa hii inazo nyingi, zitaleta kikwazo kingine. Mwanafunzi haruhusiwi simu, kwa hiyo shuleni kisomeo hakina mbadala. Kile cha toleo la Libre 2 hulia sukari ikishuka, mradi kiwe ndani ya mita sita hivi kutoka kwa mvaaji. Matroni mwenye nia njema atataka kukifungia kabatini kisiibiwe. Akubali tu kikae chini ya mto wa mwanafunzi, na jirani wa kitanda cha juu afundishwe kukisikia.