Slander au libel? Jua tofauti kabla hujaposti

Ukikosana na mtu mtandaoni siku hizi, tisho la kwanza ni, “Nitakushtaki kwa slander!” Mara nyingi anayetisha amekosea neno. Na neno sahihi ni zito zaidi.

Kumharibia mtu jina kwa uongo, sheria ya Kenya inakuita defamation. Chini yake kuna ndugu wawili. Slander ni ya mdomo: umekaa kwa kinyozi ukasema jirani ni mwizi. Libel ni ile inayobaki: habari ya gazeti, posti ya Facebook, meseji kwenye grupu ya WhatsApp. Hata maneno ya redioni, ingawa yanatamkwa, sheria inayahesabu kuwa libel.

Sasa hiyo inakuhusu vipi? Kwa slander, kwa kawaida anayeshtaki lazima aonyeshe hasara aliyopata, isipokuwa kama umemsingizia uhalifu au kumharibia kazi. Kwa libel hahitaji, maandishi yanatosha. Na bei si mchezo. Ukiandika uongo kwamba mtu ametenda kosa la kunyongwa, mfano wizi wa mabavu, fidia haiwezi kuwa chini ya Sh1 milioni. Likiwa kosa la kifungo cha miaka mitatu au zaidi, haipungui Sh400,000.

Kwa hivyo umbea uleule mliocheka nao kwenye matatu, ukiuchapa kwenye simu unabadilika jina na bei. Kusema “mimi nimeforwadi tu” hakukuokoi. Anayerudia uongo anaubeba pia. Ukifuta, kuna mtu tayari ana skrinishoti, na aliyechafuliwa ana miezi 12 ya kwenda kortini.

Hatusemi mfyate ulimi. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya libel kuwa jinai. Ukweli ni kinga yako, na maoni ya haki pia. “Pilau ya hoteli ile haikunibamba” ni maoni. “Wanapika nyama ya punda” ni dai. Uwe na ushahidi. Kiongozi akila pesa za umma, anika stakabadhi, si uvumi.

Kiswahili chetu kinajua kupima. Anayesengenya huenda anasema kweli. Anayesingizia hasemi kweli kamwe. Kabla hujabonyeza, jiulize wewe ni yupi.