Anza na upepo
Ndugu mwandishi, katika makala yako bunduki umeieleza vizuri, lakini anayekwenda Texas kuwinda nguruwe mwitu kwa mara ya kwanza aanze na upepo. Macho ya mnyama huyu si makali, pua ndiyo inayomwokoa. Upepo ukupige usoni, si kisogoni. Dume mzima ana ngao ya ngozi nene na ngumu begani, na moyo wake uko chini, usawa wa mguu wa mbele, mbele zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Tangu 2019 leseni ya kumwinda haihitajiki huko kwenye shamba binafsi, ila ruhusa ya mwenye shamba ni lazima. Na tafadhali, msimchune kwa mikono mitupu! Bakteria wa brusela hupenya hata kwenye mkwaruzo mdogo wa kidole. Nyama nayo iive hadi nyuzi 71 za Selsiasi katikati.