Ujana wa Miaka ya 1980 katika Filamu: Mtazamo kutoka Bugwema

Filamu ya Vuta N'kuvute (2021), iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, imedhihirisha kwamba kumbukumbu ya ujana yaweza kubeba siasa bila kupoteza utamu wake. Hata hivyo, ujana huo ni wa Zanzibar chini ya ukoloni. Ujana wa miaka ya 1980 Tanzania Bara una ugumu mwingine: aliyewakatisha vijana tamaa hakuwa mkoloni. Kijana wa Bugwema, mkoani Mara, aliyekwenda mjini kutafuta kazi, angeweza kurudishwa kijijini kwa Sheria ya Nguvukazi ya 1983, akihesabiwa mzururaji. Msanii atakayeanzia kwenye dansi na mitindo ya nywele (na kishawishi hicho ni kikubwa) ataambulia tamasha tu. Heri aanzie Bugwema, kijana anaposhuka garini na wazee wake wakamwuliza amerudi na nini.