Jarida la Maunzi Lianzie Ruvu

Wakazi wa Dar es Salaam hunywa maji ya Mto Ruvu. Treni ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, ina kituo Ruvu. Makontena kutoka bandarini hupokewa katika bandari kavu ya Kwala. Kuanzia Kibaha hadi Kisarawe, nchi hii ya Ruvu imezoea kupitiwa: vitu hupita, faida ikateremkia mbele. Napendekeza kitu kimoja kianzie hapa kisha ndipo kisafiri: jarida la mtandaoni kwa Kiswahili, linaloendeshwa kwa kujitolea, la kuchambua maunzi ya kompyuta, yaani kichakataji, RAM, diski, betri na kila kipande kinachoshikika kwa mkono.

Najua watakaocheka. Taifa lina katiba ya kujadili na vijana wasio na ajira, na mhadhiri anahangaika na diski! Kicheko hicho ndicho ninachokishtaki, kwa kuwa kinadhani siasa huishia jukwaani na kwamba kifaa kilichokula mshahara wa miezi mitatu wa mwalimu ni jambo la mafundi peke yao.

Tukumbuke historia. Kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu ilifungwa Hazina mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya hasara iliyotokana na kuhamishia hesabu za Serikali kwenye kompyuta, uingizaji wa mashine hizo ukapigwa marufuku, na marufuku hayo yakaja kuondolewa miaka ya 1990. Tuliumwa na mashine tusiyoielewa, tukaifungia mlango. Leo mlango uko wazi, mashine zinaingia kwa makontena, na bado hatujaielewa. Sera ilibadilika, tabia ilibaki.

Gharama ya tabia hiyo inalipwa na nani? Mwalimu anakwenda Kariakoo, anaambiwa kompyuta iliyotumika ni "Core i5", anatoa fedha. Hakuna aliyemwambia kwamba i5-4590 ni ya kizazi cha nne na i5-8500 ni ya kizazi cha nane, na kwamba katika namba hizo tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo inayotoa siri. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 haivikubali rasmi vichakataji vya Intel vilivyo chini ya kizazi cha nane, ukiacha vichache. Mashine yake haijafa. Inaweza kuwekewa Linux, na diski yake ya kuzunguka ikibadilishwa kwa SSD itaamka kwa kasi asiyoitarajia. Lakini asiyejua ataitupa, au atauziwa nyingine ya umri uleule.

Watumishi wa umma nao wasijitoe. Ofisa ununuzi anayeandika "Core i5" katika zabuni bila kutaja kizazi amemfungulia mzabuni mlango wa kuleta kuukuu kwa bei ya mpya bila kuvunja hata neno moja la mkataba. Hapo ujinga wa maunzi umekuwa upotevu wa kodi.

Wapo watakaosema kwamba maelezo yote yamejaa mtandaoni kwa Kiingereza. Ni kweli, na yameandikwa na watu wanaopima vifaa vipya katika nyumba zenye ubaridi na umeme usiotetereka. Sisi tunataka kujua ugavi wa umeme wa kompyuta hustahimili vipi umeme wa Mlandizi unaopanda na kushuka, na feni huishi miaka mingapi katika vumbi la Kisarawe. Swali hilo halitajibiwa London.

Wala lugha haina upungufu wanaousingizia. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa OpenOffice ya Kiswahili mwaka 2004. "Ngamizi" ilitungwa ikadoda, "tarakilishi" ikapata makao Kenya, na "kompyuta" ikashinda midomoni mwa Watanzania. Istilahi huishi kwa kutumiwa, na jarida ni mahali pa kuzitumia mwezi baada ya mwezi.

Je, vijana wataweza? AnandTech, lililokuja kuwa miongoni mwa majarida ya maunzi yaliyoheshimiwa zaidi duniani, lilianzishwa mwaka 1997 na Anand Lal Shimpi, mvulana wa Marekani mwenye umri wa miaka 14. Lilidumu hadi Agosti 2024. Wenye umri huo wamejaa Kibaha Sekondari na Minaki. Tofauti ni kwamba wa kwetu tumewafundisha kungoja: mfadhili, semina, kibali.

Kuhusu kibali, Serikali ina lake la kujibu. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilidai shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni ya awali na 1,000,000 za ada ya mwaka, hata kwa mwenye blogu. Zimerekebishwa tangu wakati huo, lakini hofu zilizoipanda ingali shambani. Dola inayohubiri uchumi wa kidijitali haina haki ya kumtoza kijana anayewafundisha wenzake bure. Wanaharakati waliotetea magazeti ya siasa wamtetee na huyu.

Masharti ya jarida lenyewe yawe machache na makali. Lisipokee zawadi kutoka kwa muuza vifaa. Kila makala isomwe na fundi mmoja na mwalimu mmoja wa Kiswahili kabla ya kutoka. Kurasa ziwe nyepesi, zifunguke kwa bando dogo na simu ya bei nafuu. Kilichopimwa kielezwe kilivyopimwa, na kilichoungua kielezwe kilivyoungua. Waandishi wapokezane zamu, kwani kujitolea huuawa na uchovu wa mmoja anayebeba mzigo wa kumi.

Wazee wetu walijenga madarasa kwa msaragambo, kila mtu na jembe lake. Fundi wa Mlandizi ana bisibisi, mwanafunzi ana muda wa likizo, mwalimu ana lugha. Toleo la kwanza lieleze jambo moja tu: namna ya kusoma namba ya kichakataji kabla ya kutoa fedha. Likimwokoa mnunuzi mmoja, limeshaanza kazi.